Ufa Ule ni Wangu, si wa Gidamis

Mikumi, Jumatatu

Kaka Athumani,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Nimekupigia mara mbili umekata. Ya tatu kapokea shemeji akasema uko shamba, na nyuma yake nakusikia unakohoa. Kwa hiyo naandika. Mkono unaendeleaje? Vidole vimeanza kukunja? Mahindi ya bondeni mmeshapalilia? Mimi mzima, ila mbavu zinauma na jino moja la mbele halipo.

Umeambiwa nimempasua taya Shabani, mtoto wa shangazi, kwa ajili ya Mang'ati, mtu wa wafugaji. Ni kweli. Ila hujaambiwa yote, na Zuhura wangu anakaa kwako, sitaki akue anasikia nusu. Soma mpaka mwisho, ndipo useme kama bado mimi ni wa nyumba hiyo.

Kazi yangu hapa kambini unaijua. Vile vigari vya gofu, vya betri, vya kuwapeleka wageni vyumbani. Fremu yake alumini. Njia za kambi mawe matupu, betri nzito, fremu inapasuka chini ya kiti. Mimi natoa betri, nasugua, nachomelea. Tangu nimzike Mwanaidi, mama Zuhura, ndiyo kazi iliyonishika.

Ufa wa alumini una utaratibu wake. Unatoboa tundu dogo pale unapoishia, ili usiendelee kutembea. Unauchimba na grenda mpaka chini. Unatoa mafuta, unapiga brashi ya waya, ndiyo unachomelea. Ukipitisha moto juu juu umeziba macho ya watu tu, chini ufa unaendelea.

Kigari namba nne nilikiziba hivyo hivyo, juu juu. Mkuu wa karakana alinisimamia kichwani, wageni wanafika saa sita. "Ramadhani, we unachonga kinyago hapo?" Sikutoboa tundu. Sikuchimba. Nikapiga moto juu, nikapaka rangi, kikatoka.

Kilikaa wiki mbili. Jumatano iliyopita asubuhi, Hamisi dereva anashuka nacho mteremko wa korongoni, peke yake, fremu ikakatika. Kigari kikajikunja kikamlalia. Mfupa wa paja ulitoboa suruali. Sijawahi kusikia mtu mzima analia vile. Wawili wakamkimbiza hospitali, sisi wengine tukabaki pale na hasira.

Shabani akaangalia fremu. Akasema, "Hii imekatwa na msumeno."

Mwingine akauliza, "Jana nani kalinda vigari?"

Alilinda Gidamis. Mang'ati pekee hapa kambini. Na wiki ile ile Hamisi alikuwa amemtukana kwamba ananuka ng'ombe. Basi. Hakuna aliyeuliza tena.

Walimkuta kwenye banda la walinzi anakunywa chai. Shabani akampiga teke kikombe kikiwa mdomoni. Wakamburuta kwa miguu mpaka kwenye kigari, akaione kazi yake. Marungu, mawe, viatu. Alikuwa anasema "mimi hapana, mimi hapana," mpaka mdomo ukajaa damu.

Usidhani nilikaa pembeni. Niliuona mkono wako, kaka, ule waliokukata Mang'ati wenzake shambani. Niliiona ile siku tunakuwahisha Kilosa, mfupa unachungulia, na mahindi yako yote yapo tumboni mwa ng'ombe wa watu. Nikasema leo ni leo. Nikaokota kipande cha fremu iliyokatika, urefu wa mkono. Nikampiga begani. Nikampiga usoni. Jicho likafumuka.

Nikainua ya tatu, ndiyo nikakiona. Pale kipande kilipokatikia palikuwa mbele ya macho yangu. Alumini ikikatwa leo inang'aa pote. Ile ilikuwa nyeusi. Weusi wa vumbi na mafuta ya siku nyingi, karibu upana wote. Kulikuwa na ukingo mwembamba tu unaong'aa, na juu yake mstari wangu wa kuchomelea na rangi yangu. Msumeno haukupita pale. Nilipita mimi.

Nikapiga kelele, "Acheni! Hii ni kazi yangu!"

Shabani akacheka. "Kazi yako nzuri, ongeza."

Mtu alishaleta tairi, na mwingine ana dumu la petroli. Nikamwekea Shabani kipande usoni. Nikamwambia angalia, ufa wa zamani huu, mimi ndiye nimeharibu. Hakuangalia. Akasema, "Ramadhani, umemsahau kaka yako?" Akaokota jiwe kubwa kama kichwa, akaliinua kwa mikono miwili juu ya Gidamis.

Nikampiga nacho taya. Sikumsukuma, nisikudanganye. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, na nilisikia mfupa. Jiwe lilikuwa limeshafika juu. Akakaa chini anashika uso. Wengine wakanigeukia. Nikamlalia Gidamis, nikafunika kichwa chake na kifua changu, wakatupiga wote wawili mpaka polisi wakafika. Jino ni hapo. Mbavu ni hapo.

Mkuu wa karakana akanivuta pembeni. "Sema imekatwa. Mtu ameshapigwa, unataka kujifunga mwenyewe?" Nikawaambia polisi mstari ule ni wangu na tundu sikutoboa. Nikawaambia na mbili nilizompiga Gidamis, na moja ya Shabani. Wakaandika. Kambi imenifukuza, na naripoti kituoni kila Ijumaa mpaka tuitwe mahakamani.

Hamisi amefungwa vyuma mguuni. Na yeye nilimwambia. Akageukia ukutani.

Jana nilikwenda kumwona Gidamis. Jicho moja halitaona tena. Mke wake alinisimamia mlangoni na fimbo, mumewe akamwambia aniache.

Akasema, "Wewe ulinipiga."

"Ndiyo. Mbili."

"Nimehesabu tatu."

"Ya tatu siyo yangu."

Akafikiri. "Haya, mbili. Na wewe ni mzito. Ulinilalia kama gunia la mpunga."

Nikamuuliza kama alikuwepo siku ya mkono wako. Akasema hapana, alikuwa huku Mikumi. Nimemwamini. Na hata kama ananidanganya, kaka, msumeno hakushika. Wale wanne waliokukata, nikikutana nao sijui nitafanya nini. Lakini huyu alikuwa anakufa kwa ajili ya tundu nililoacha kutoboa.

Sikuombi umpende. Shabani nimemuumiza na nitalibeba hilo. Ila nisingempiga, leo ningekuwa nimeua mtu asiye na kosa, na wewe ungenipokea kwa kuku.

Shemeji msalimie, mwambie sikukasirikia ule uongo wa simu. Mama mdogo mpe shikamoo yangu. Shangazi pia mpe. Asipoipokea usimlazimishe, ni mama wa Shabani. Zuhura mwambie baba yake katoka jino. Mengine nitamwambia mwenyewe.

Jumamosi napanda gari la Kilosa, jioni nitakuwa Tindiga. Kwanza nakwenda kwa shangazi, nikae chini mbele yake. Kisha nakuja kwako. Sibebi hata fimbo. Ukitaka kunipiga nipige, mkono mmoja mzima unakutosha. Ila nisubiri pale njia panda, usiwe uani. Zuhura asione.

Mdogo wako,
Ramadhani