Chupa Nyuma ya Bikira Maria

Jumapili, 4 Mei
Misa ya kwanza. Mama hakukomunika tena. Jumapili ya tatu hii. Alibana magoti tupite kwenye benchi, akaangalia viatu vyake. Baba ni mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wetu, akapita kama hajaona. Mimi nimeona. Mtu haachi Komunyo hivi hivi. Kuna dhambi ameishikilia.

Jumanne, 6 Mei
Mama kaaga anaenda Sirari, mpakani, kwa mama mdogo. Karudi saa kumi na moja bila hata mkate wa Kenya. Tangu lini? Simu kailaza kifudifudi mezani. Nimefikiria mwanaume. Naona aibu kuliandika, lakini ndilo nililofikiria.

Alhamisi, 8 Mei
Jumuiya ilikuwa kwetu. Zamu yangu kusoma somo. Katekista alishasema: mtoto wa Kipaimara asiposoma mbele ya jumuiya kabla Askofu hajaja mwezi wa sita, jina linafutwa kwenye orodha. Nikasimama. Neno la kwanza likakwama. Nikakaa. Masikio yaliwaka moto. Darasani Kiingereza nasoma vizuri tu, kwa sababu tunasoma wote kwa pamoja.

Jirani yetu Mama Wambura akataka kutuchangamsha. "Na wewe Mama Boke, siku hizi una dhambi gani mpaka Yesu anakupita benchini?"

"Nafanya dayati," Mama akasema.

Walicheka mpaka wakapiga makofi. Mama macho yake hayakucheka.

Ijumaa, 9 Mei
Nimebadilisha maua ya Bikira Maria wetu wa sebuleni, mwezi wake huu. Nyuma ya sanamu kuna chupa ndogo ya mafuta. Haina lebo. Mganga. Dawa ya kumpumbaza Baba ili asiulize. Nimeyamwaga chooni, nikajaza alizeti ya jikoni. Sijui kama ni dhambi.

Nadhani ni dhambi.

Jumanne, 13 Mei
Mama kaaga tena, Sirari. Shule tulitoka mapema, nikamfuata kwa mbali. Hakupanda gari. Kaishia hapa hapa Nkende, kwenye hema la maombezi la walokole, nyuma ya mashine ya kusaga. Mama yangu, wa rozari kila jioni! Nikajificha kwa muuza mahindi ya kuchoma.

Halafu sauti yake kwenye spika. "Ni binti yangu, Boke. Haongei mbele za watu. Mafuta mliyonipa nampaka kidogo kidogo akilala. Naomba afunguliwe kinywa."

Hema zima: "Toka, pepo wa woga!"

Jina langu, Nkende nzima.

"Huyo Boke ana kazi," akasema muuza mahindi.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 14 Mei
Kwa hiyo si mwanaume. Ni mimi. Na Mama hawezi kuungama lile hema, jambo analojua Jumanne atalirudia. Yeye ndiye aliyenifundisha, unaungama unachokiacha. Atakaa benchini mpaka nisome.

Baada ya rozari kaniita jikoni na ile chupa. "Njoo nikupake shingoni, una mafua."

Sina mafua. Nikainua kidevu. Nilinukia chapati.

Alhamisi, 15 Mei
Jumuiya kwa Mama Wambura. Nimeomba mwenyewe kusoma. Sauti kama ya mbuzi. Nikaruka mstari mmoja. Nimefika mwisho. "Neno la Bwana." Mama alijibu kabla ya watu wote, kwa nguvu, mpaka Baba akageuka.

Katekista kaweka tiki.

Jumamosi, 17 Mei
Foleni ya kitubio. Mama mbele yangu. Alikaa sana ndani, katoka na macho mekundu, hakuniangalia. Mimi nikaungama ya mwanaume, nikaungama ya alizeti. Padre alikohoa muda mrefu. Nashuku alikuwa anacheka. Salamu Maria tatu.

Jumapili, 18 Mei
Mama alinyanyuka kabla yetu. Tumekomunika wote watatu.

Nyumbani nimebadilisha maua. Chupa bado ipo. Mama anadhani ni mafuta ya hemani, na mimi sijamwambia. Nimeifuta vumbi, nikairudisha palepale.