Kuku Watano Niliowapeleka Mwamanyili

Shangazi,

Hali yako sitauliza. Ulipolala napajua, na majani ya kaburi nimeyapalilia mwenyewe juzi. Nataka nikuambie hali yangu, maana hapa Dutwa sina mwingine wa kumwambia yote. Siumwi. Ila mtoto wangu akikohoa kidogo tu, naacha ninachofanya naenda kumgusa shingo.

Matenga yako ninayo, na baiskeli yako ndiyo ninayoendea vijijini kununua kuku. Pamba ni kama ulivyoiacha. Mwaka huu wanunuzi binafsi wanaigombania, mwaka unaofuata hawaonekani. Ulisema tangu siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kwamba kuku hatatuangusha, na kweli hakutuangusha.

Siku hizi redio zimekuwa nyingi, Shangazi, na zote zinataja homa mpya, mafua ya ndege. Wanasema iko nchi za mbali. Inamaliza kuku wa banda zima kwa siku mbili tatu, halafu inampata mtu aliyewashika au kuwachinja. Inakaa kwenye mapafu, mtu anakosa pumzi. Ni virusi, wanasema, na miili yetu haijavizoea. Sisi wachuuzi tulikuwa tunasikiliza na kucheka. Nchi za mbali, tukasema.

Halafu siku ya mnada nikaamka nikakuta kuku wangu watano wamejikunyata. Mabawa chini, mharo wa kijani. Nikakusikia kabisa: "Kuku akianza kuinama, mpeleke mnadani leo leo. Kesho huyo ni mzoga." Ulinifundisha hivyo nikiwa binti, na kwa biashara hiyo ulininunulia sare za shule. Basi nikawanyunyizia maji usoni wachangamke, kama ulivyokuwa unafanya, nikawapeleka.

Akaja Mama Limi, yule anayepikia wasafiri kule Mwamanyili. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia, na akawachukua wote watano bila kuwapapasa. Akasema, "Wewe ni wa yule mama marehemu. Kuku wenu siwakagui."

Ni jina lako hilo alilolinunua, Shangazi. Na mimi nikapokea pesa.

Kesho yake wamekufa kumi na mmoja nyumbani. Nilimkuta mama mkwe ameshachemsha maji, ananyonyoa wa pili. Nikamnyang'anya. Hajawahi kunitazama vile. "Tangu lini nyama inatupwa?" akauliza. Nikamweleza habari za redio.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki. Wale wa zamani unaowajua walipunguzwa kazi, sasa huyu mmoja ana kata tatu. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akajifunga kitambaa puani, akachukua sampuli za kupeleka Mwanza. Akatuambia tuchimbe shimo refu, tuchome na kufukia. Tunawe kwa sabuni, sio maji matupu. Kuku wasilale tena chumba kimoja na watoto, na asitoke hata mmoja hapo nyumbani. Kisha akaniuliza, "Kuna kuku uliyemuuza?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini. Aibu, nadhani. Nilikaa na ile hapana mchana mzima. Asubuhi nikapanda basi la kwenda Mwamanyili.

Mama Limi nilimkuta jikoni kwake anapepeta mchele, na anakohoa. Kuku watatu alikuwa ameshawachinja, wawili wamefungwa miguu chini ya meza. Nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?"

"Nilijua wanaumwa. Sikujua wanaumwa nini."

Akanawa mikono. Akanawa tena. Kisha akauliza, polepole, "Na hiki kikohozi?"

Shangazi, ningekuwa na uwezo wa kukikohoa mimi ningekikohoa.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, akasema akae nyumbani, alale peke yake, afunike mdomo akikohoa, na pumzi ikianza kumsumbua aje upesi, asingoje. Wale kuku wawili niliwaua na kuwafukia nyuma ya jiko lake. Kisha nikamtumia bwana mifugo ujumbe kupitia kwa kondakta, kwamba nilimdanganya. Nikabaki Mwamanyili siku tisa, mwanangu akiwa na bibi yake, nikipikia watoto wa Mama Limi, na sufuria yake nikiiweka mlangoni na kurudi nyuma. Kila asubuhi nilisimama nje kumsikiliza anavyohema.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vibaya. Wewe nawe kilianza kikohozi. Siku ya nne ulikuwa hulali chali, unakaa unashika ukuta. Hospitalini walisema nimonia. Lakini wiki ile tulikuwa tumenyonyoa tenga zima la kuku waliokufa njia ya Maswa, wewe na mimi, mikono mitupu, na tukala. Labda ilikuwa nimonia tu, kama walivyosema, maana mimi nilikula na sikuumwa. Labda. Hatukumuuliza mtu, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Majibu ya Mwanza yamekuja. Ni mdondo, ule ule wa siku zote, unaoua kuku na kumwacha mtu. Mama Limi amepona, anapika. Nilimpelekea jogoo mzima aliyechanjwa, akampapasa kila mahali mbele yangu ndipo akampokea. Sikumlaumu.

Nilifikiri nitafurahi. Lakini bwana mifugo aliniambia neno moja linalonitembelea kutwa: "Ingekuwa ile nyingine, wewe ungekuwa umeshaipeleka Mwamanyili." Na ziwa liko pale pale Mwamanyili, na ndege wa mbali, ambao wanasema ndio wanaoibeba homa hiyo, wanashuka pale kila mwaka. Nikiwaona wanapita juu nahesabu kuku wangu.

Keshokutwa kuna mkutano ofisi ya kata. Bwana mifugo ameniomba niseme, kwa sababu wachuuzi wenzangu yeye hawamsikilizi. Wote wanauza wanaoinama. Nakuahidi nitasimama niseme nilichofanya, niliyemdanganya, na jinsi Mama Limi alivyoniuliza kuhusu kikohozi chake. Watanicheka, na huenda mnadani hawatanunua tena kwangu. Nitasema hivyo hivyo.

Aliyenifundisha sitamtaja. Ulitulisha kwa ulichokijua, na mimi sasa nimejua kingine. Usinikasirikie kwa kukiacha chako.

Lala salama, Shangazi yangu.

Ni mimi,
Kabula