Visahani vya Kurusha na Mgongo Niliompa Mwenyekiti

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Dada Atupele,

Shikamoo, dada. Shikamoo za Baba na Mama naomba uzifikishe kabla hujaketi kuisoma hii, maana najua Mama atakuuliza kwanza kama nimewasalimia. Mimi ni mzima. Homa iliyonishika imekwisha na sasa nakula vizuri, ingawa samaki wa huku wameanza kunichosha na ndizi za nyumbani naziota. Goti la Baba linaendeleaje na baridi hii ya Tukuyu? Na wewe, watoto wa darasa la kwanza wamekuwa wengi kama ulivyohofia?

Uliniuliza kwa nini sikutaja habari ya kuthibitishwa kazini. Sikuitaja kwa sababu nilikuwa naogopa, na nikiogopa kalamu hainiendi. Muda wangu wa majaribio pale kiwandani ulikuwa unakaribia kwisha, na Ndugu Meneja alikuwa amenipa kazi ambayo ingeamua kama nabaki au nafunga sanduku. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu mno hata sikujua niielezeje. Sasa imepita, nitakueleza.

Unajua kwamba tunatengeneza ndoo, mabeseni na vikombe vya plastiki. Mwaka huu shirika letu limeambiwa litengeneze pia kitu cha michezo kwa ajili ya shule, kwa kuwa mipira haitoshi. Fedha za kigeni zilizopo zinatosha kuagiza kalibu moja tu ya chuma, na kalibu ikishafika haibadiliki. Umbo lililomo ndilo tutakalolitoa miaka yote. Basi ofisa mmoja aliyekuwa masomoni Marekani alirudi na boksi la sampuli. Ndani mlikuwa na visahani vitatu vya plastiki, na picha ya wazungu wamesimama nyikani wakivirusha kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimamishwa juu ya nguzo. Wanacheza kama ule mchezo wa mabwana wa mashamba ya chai, wa kupiga kijimpira kwa fimbo hadi kiingie shimoni, ila wao hawana fimbo. Wanarusha sahani tu.

Ndugu Meneja aliniita akanionyesha boksi.

“Wewe ulisoma fizikia. Vichunguze, uniambie kipi kinafaa. Siku kamati ya shirika itakapokuja kuchagua, utavirusha mbele yao.”

“Ndugu Meneja, mimi ni karani wa stoo.”

“Ndiyo. Na hivi viko stoo.”

Nilitoka na boksi kwapani. Unanijua tangu utoto, dada. Mimi ni yule aliyekuwa akijificha nyuma yako siku ya kusoma shairi shuleni. Lakini nakiri kwamba nilipofika stoo nilivitoa nikavipanga mezani, na hofu ikanipungua kidogo, kwa sababu nilitaka kujua.

Cha kwanza kilikuwa kipana, chepesi na laini, ukingo wake mnene umejikunja kwa chini kama mfuniko wa sufuria. Cha pili kilikuwa kidogo, kizito, na ukingo wake umechongoka. Cha tatu kilikuwa katikati yao, chembamba, ukikibonyeza kinabonyea. Bi Mwajuma wa sehemu ya kufungasha ndoo, Mzaramo wa hapa hapa Temeke na mtu mzima wa kulingana na shangazi zetu, alikishika kile cha pili akapitisha kidole ukingoni.

“Karani, sahani hii ukilia pilau itakukata midomo.”

Nikamwomba anisindikize uwanjani wakati wa mapumziko ya mchana, maana kurusha peke yangu niliona aibu. Akakubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu kama atakimbia.

Urushaji wake si kama wa jiwe. Unakishika kwa mkono wa kulia, unaukunja mkono kifuani kuelekea bega la kushoto, kisha unaufungua kama mtu anayefagia vumbi juu ya meza, na mwishoni kabisa unakiachia. Nguvu peke yake haisaidii kitu. Siku ya kwanza nilitumia nguvu na vyote vikabingirika kama magurudumu hadi kwenye mikorosho, Bi Mwajuma akaketi chini kwa kicheko. Kinachokishikilia hewani ni kuzunguka, kama unavyoisimamisha pia ya watoto kwa kuizungusha. Kikizunguka sana kinalala sawa juu ya hewa. Mzunguko ukipungua kinalalia upande wa kushoto na kushuka.

Ila kila kimoja kina tabia yake. Kile kipana kinakwenda polepole, kinaelea, na mwishoni kinapinda kidogo tu, unaweza kukidaka kwa mikono miwili. Kile chembamba huenda kulia kwanza, halafu hubadili mawazo na kurudi kushoto, na kikirushwa kukabili upepo hugeuka kabisa na kupotea kulia. Kile kizito kinakwenda kwa kasi na mbali kuliko vyote, lakini mwishoni hukata kona kali kushoto na kupiga chini kwa kishindo. Kwa mtu ambaye mkono wake haujazoea hukata kona mapema, mahali asipotarajia. Siku moja kilimpata Bi Mwajuma muundi. Alivimba, na kesho yake akaja kazini na kitambaa cha maji ya chumvi mguuni.

“Mie nilikuwa nimesimama kando kabisa, karani. Kando. Kimenifuata.”

Jambo lililonisumbua zaidi ni namna ya kuzionyesha tabia hizi. Nilimwachia Bi Mwajuma arushe yeye, nami nikawa nahama. Nilisimama mbele yake, nikaona kitu kinakua tu machoni, sijui kinapinda wapi. Nilisimama ubavuni, na hapo, dada, vyote vitatu vilikuwa sawa kabisa: sahani inapita, imepita. Niliposimama nyuma ya bega lake ndipo nilipoona kila kitu. Kila kisahani kilichora njia yake mbele yangu kama chaki ubaoni. Nikapaka kila kimoja mstari mnene wa rangi nyekundu kutoka katikati hadi ukingoni. Kikiwa na kasi ya kuzunguka mstari hauonekani, sahani nzima inakuwa na wekundu hafifu. Kikianza kuchoka mstari unajitokeza, na hapo hapo kinaanza kulalia kushoto. Sikuacha kukitazama. Mapumziko yalikuwa yakiisha sijala, na sikusikia njaa.

Nilikwenda kwa Ndugu Meneja na uamuzi wangu: kile kipana ndicho cha watoto, na watazamaji wakae nyuma ya mrushaji. Kuhusu kile kipana alisema kamati itaamua. Kuhusu watazamaji alitikisa kichwa.

“Jukwaa liko pale lilipo. Kila kitu hupita mbele ya mgeni rasmi. Gwaride linapita, ngoma zinapita, na masahani yatapita.”

“Kwa ubavuni hawataona tofauti, Ndugu Meneja. Nikisimama mbele yao nikitazama uwanjani, wao wakiwa nyuma yangu, wataona.”

“Yaani uwape mgongo.”

“Ndiyo.”

“Ambakisye, kwenu mnawapa wazee mgongo?”

Nikasema hapana. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka chumbani kwa Babu kinyumenyume hadi mlangoni, na wewe ulivyogonga kisogo kwenye fremu. Ndugu Meneja akasema basi nimekwisha kujijibu, na kwamba siku hiyo nisiseme neno mpaka niulizwe, kwani tathmini yangu bado iko mezani kwake.

Siku ya kamati viti viliwekwa kivulini, vitambaa vyeupe juu ya meza, maji ya machungwa kwenye jagi. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mrefu, mtaratibu, kichwa kimejaa mvi. Wenzake walikaa pande zote mbili, na Ndugu Meneja nyuma ya bega lake. Wafanyakazi walisimama kwenye jua kali ng'ambo ya uwanja, Bi Mwajuma mbele yao. Nilianza kurusha kutoka upande wa kulia wa jukwaa kwenda kushoto, kama nilivyoamriwa. Cha kwanza kikapita. Watu wakapiga makofi. Cha tatu kikapita. Makofi. Kile kizito kikapita kwa kasi kikivuma, kikaenda kuanguka mbali kupita goli la pili, na makofi yakawa makubwa.

Nilisikia mjumbe mmoja akisema, “Hicho cha mwisho ndicho chenyewe. Hivyo vingine vinasinzia.”

Mwenyekiti akauliza kama vina tofauti nyingine yoyote. Ndugu Meneja akajibu kwamba kimsingi vinafanana, ila hicho kina uwezo zaidi. Mjumbe akafungua kalamu. Dada, niliiona ile kofia ya kalamu ikitoka, nikajua kwamba kalibu ikishaagizwa, watoto wa nchi nzima watapigwa miundi na kitu kilichochaguliwa kwa sababu kilipita haraka. Darasa lako pia. Nilimtazama Bi Mwajuma. Hakuniashiria chochote, alikuwa anajifuta jasho tu.

Nikatembea hadi mbele ya meza.

“Samahani, Mzee. Naomba radhi kwanza, kisha naomba ruhusa nikupe mgongo.”

Ndugu Meneja akanyanyua kidevu kunionyesha nirudi nilikotoka. Mwenyekiti akaweka glasi chini.

“Unipe mgongo kwa nini, kijana?”

“Kisahani hakionekani kwa ubavu, Mzee. Huonekana kwa nyuma.”

Akasema, “Haya, geuka.”

Nikageuka. Sijawahi kuona uwanja mkubwa kiasi kile. Ubaya wa kumpa mtu mgongo ni kwamba huoni uso wake. Nilikuwa na masikio tu. Nilirusha kile kipana, nikasema kwa sauti waangalie mstari mwekundu utakapotokea. Kikaelea, mstari ukatokea, kikainama kidogo na kutua majanini. Nyuma yangu sikusikia makofi. Nilirusha chembamba. Upepo wa baharini ulikuwa umeanza kuvuma usoni, kikageukia kulia na kutokomea mikoroshoni kama nilivyotaraji. Nikasikia viti vinalia na miguu inasogea, nikadhani wanaondoka. Nikarusha kizito, lakini kwa mkono mlegevu, kama mtoto angerusha. Kikaenda hatua chache, kikakata kona kushoto na kujipigiza kwenye nguzo ya goli la karibu, kishindo kikasikika hadi barabarani.

“Aa,” mtu akasema, sikioni mwangu hasa.

Niligeuka nikaona viti vyote vitupu. Kamati nzima ilikuwa imesimama nyuma yangu imebanana kwa ajili ya kuona, na Mwenyekiti ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, shingo ameinamisha kushoto, bado anaifuata ile kona.

“Mbona tulipokaa hatukuiona hii?” akauliza.

Nikamwambia. Akataka nirudie yote tangu mwanzo, akauliza kuhusu upepo, kuhusu mvua, kama rangi inatoka, na kama kingekuwa kikubwa zaidi kingeelea zaidi. La mwisho sikulijua, nikasema sijui. Akasema ndilo angependa kulijua. Ng'ambo Bi Mwajuma alikuwa amepandisha kanga juu ya goti anawaonyesha wafanyakazi wenzake ule uvimbe, mjumbe mwenye kalamu naye akaenda kuutazama. Kamati ikachagua kile kipana.

Kesho yake Ndugu Meneja aliniita. Sikulala vizuri kabla ya hapo, sikufichi. Alikuwa na faili langu mbele yake.

“Kamati imeridhika na kazi yako,” alisema. “Mimi nimeridhika na kazi. Sijaridhika na utii. Nilikuambia usiseme mpaka uulizwe.”

“Ndiyo, Ndugu Meneja.”

“Majaribio yako nayaongeza hadi mwisho wa mwaka. Hufukuzwi. Unangoja.”

Nikasema asante. Nilipofika mlangoni akaniita tena. Alikuwa amekishika kile kipana chini ya meza, na amekishika kwa mkono wa kushoto.

“Mtu wa kushoto akirusha, kinapindia wapi?”

Sikuwahi kumwona akitumia mkono huo. Anaandika kwa kulia, maandishi yake yamekakamaa, na sasa nilielewa sababu. Nadhani alichapwa shuleni hadi akaacha. Nilimjibu kwamba kwa hesabu zangu kitapindia kulia, kwa kuwa kitazunguka kinyume, lakini sijapata mtu wa kujaribu naye. Akasimama, akafunga faili, akachungulia dirishani kama wafanyakazi wameshaingia ndani.

Tulikwenda uwanjani wawili. Nilisimama nyuma ya bega lake, yaani safari hii yeye ndiye aliyenipa mgongo mimi. Akarusha kwa kushoto. Kilikwenda vizuri kuliko changu cha kwanza, kikaelea, mstari ukajitokeza, kikainama kulia.

Hakucheka wala hakunitazama. Alisema, “Kalete, tujaribu tena.” Nami nikakimbia kukileta, kwa sababu nami nilitaka kuona tena.

Kwa hiyo, dada, sijathibitishwa. Najua Baba amekwisha kuwaambia wazee wa kanisa kwamba mimi ni mfanyakazi wa kudumu. Naomba umwambie wewe, jioni, akiwa ameshakula, na umwambie pia kwamba sikuharibu kazi, ila nilisema kabla ya kuulizwa. Sina hakika kama atapenda. Mimi mwenyewe usiku nikilikumbuka tukio naketi kitandani kama ndiyo kwanza linatokea, lakini nikijiuliza kama ningenyamaza, jibu linakuja lile lile.

Msalimie Mama, umwambie sweta aliyofuma nimeiweka tu, huku haivaliki. Msalimie mdogo wetu Tumaini na umwonye asiache hesabu. Msalimie shangazi wa kule ng'ambo ya mto, mchungaji wetu, na mama mwenye duka anayekupokelea barua zangu. Bi Mwajuma anakusalimu. Anasema dada aliyemlea karani mwoga namna hii angependa kumwona kwa macho.

Unijibu hata kwa ufupi, na usinifiche Baba atakavyosema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ambakisye