Vitabu vya Bwana Adhuhuri

Temeke, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, si umeinama shambani, maana nakujua. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mjomba akuletee, ulijichua mwenyewe au uliwagawia majirani kama kawaida yako? Mimi nipo, nakula, nalala, na kifua kimepona. Chumba ni kilekile, na mwenye nyumba bado anafunga mlango wa uani mapema kana kwamba sisi wapangaji ni kuku wake.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili: nimekutana na Bwana Adhuhuri.

Mwambie dada Somoe arudie kusoma hapo. Ndiye yuleyule aliyekuja na malori na mgambo, akatuambia mpaka adhuhuri tuwe tumetoa vyombo, kisha akaamuru nyumba ya Baba itiwe moto na vyungu vyako vimo ndani. Jina lake halisi hatukulijua, tukambandika hilo. Tukapelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara tukakae pamoja na wengine, na mikorosho ya Baba ikabaki na nyani. Baba akawa anakwenda na kurudi kwa miguu kuipalilia, mvua zikamkuta hukohuko, na yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Tangu tulipomzika nimekuwa nikimtafuta yule mtu katika kila gari la serikali linalopita hapa mjini.

Sasa sikiliza. Pale kiwandani Chang'ombe sishoni tena vitabu kwa sindano. Imeletwa mashine ya kujalidi kwa gundi ya moto. Unagonga karatasi mezani mpaka zilingane, unazivika jalada lenye gundi kavu mgongoni, unazisimamisha juu ya bamba la moto, gundi inayeyuka na kuzishika. Kitabu kikitoka hapo kinawekwa kwenye rafu, mgongo chini, mpaka kipoe. Kikipoa, hata ukivutana nacho hakiachii. Kikichukuliwa cha moto kinaonekana kizima kabisa, ila atakayekifungua ndiye atakayejua.

Wiki iliyopita akaingia mtu na taarifa yake ya kujalidiwa, nakala nyingi. Amenenepa, amevaa suti ya mikono mifupi kama wakubwa wote. Nilimjua kwa sauti. Taarifa yenyewe inaeleza jinsi alivyofaulu kuhamisha watu, na alikuwa anaipeleka mkutanoni mbele ya wakubwa zake. Dereva wake alitunong'oneza kwamba wakiridhika, bosi wake anapanda cheo.

Nikaanza kupanga karatasi. Katikati nikakukuta wewe, Mama. Ni picha. Umesimama mbele ya nyumba ya kule barabarani, jembe begani, unacheka mpaka pengo linaonekana. Chini wameandika: Mwananchi akifurahia makazi mapya. Hasira zikanipanda, nikaigeuza picha ikatazama meza.

"Kijana, bado tu?" akaniuliza.

"Ndo vinatoka, mzee."

"Nipe hivyohivyo. Sina muda wa kusubiri mie."

Msimamizi wetu, Mzee Mbaruku, alikuwa amekwenda kuswali. Ilinipasa niseme kwamba vinataka kupoa. Sikusema. Nilivifunga kwenye karatasi ya kaki vikiwa vya moto, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia karibu tena. Sijapata kuwa na adabu kama siku ile.

Yaliyotokea alitusimulia dereva, alipopita kwetu jioni ileile. Mwenyekiti wa mkutano alifungua chake, kurasa zikamdondokea mapajani. Wa pembeni yake vilevile. Feni za ukumbini zikamalizia, na bwana mkubwa akawa anatambaa chini ya meza akiokota vijiji vyake. Mama, nilicheka. Nikaenda chooni nikacheka tena. Raha niliyoipata sikufichi.

Kesho yake asubuhi akarudi na kurasa zake, anafoka, maana wakubwa zake walikuwa wamempa nafasi ya mwisho alasiri ile. Mzee Mbaruku akamjibu kwamba gundi ya moto haiendeshwi mbio, na aliyekuwa na haraka ni yeye. Ikabidi akae kwenye benchi katikati ya marobota ya karatasi, angoje. Nikafanya kazi polepole kama bibi harusi. Tulipobaki wawili nikamwambia.

"Mzee, mie mtoto wa Mzee Chitanda. Ulituchomea nyumba. Baba alikufa kwa mvua za mwaka uleule."

Nilitaka aogope. Hata angenitukana ningeridhika.

"Wapi huko?" akauliza. Nikamtajia. Akafikiri, na kweli alifikiri, akatikisa kichwa. "Vijiji vilikuwa vingi, kijana. Sikumbuki."

Nikamwekea picha mbele yake. "Na huyu?"

"Huyo namkumbuka. Huyo alicheka mwenyewe. Hakuna aliyemwambia acheke."

Nilirudi mezani nikautoa ukurasa wako katika kila nakala, nikavijalidi upya, nikaviacha vipoe sawasawa. Alikwenda mkutanoni bila wewe na hakugundua. Kama Baba hamkumbuki, basi na wewe hakupati. Kurasa nimezichoma kwenye jiko la mkaa, umebaki mmoja tu na huu nakutumia. Cheo nasikia atakipata tu. Najua utaniambia nimwachie Mungu. Nitamwachia, lakini si leo, na akirudi kujalidi kitu kingine atanikuta palepale.

Nisalimie shangazi, mwambie kanga zake nimeshazinunua. Msalimie mjomba mchukuzi wetu, na shemeji fundi baiskeli, na Somoe anayetusomea, asichoke.

Mama, picha nimeitazama sana. Nguo uliyovaa ni ile kaniki ya msiba wa Baba. Kaburi lilikuwa bado bichi. Nimemlipizia yule mtu kisasi kwa ajili ya kicheko hicho, nikiamini alikulazimisha, na sasa sijui nimelipiza nini. Mwambie Somoe aandike utakavyosema, asipunguze neno: siku ile ulikuwa unacheka nini?

Mwanao,
Saidi