Redio Imesema Tumeuza

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali, upepo wa kukata masikio. Nimefungua duka, nimefagia, nimepanga maharage na ulezi uliokuja jana kutoka Kasense. Redio inaongea peke yake kama kawaida. Habari za asubuhi: lile duka kubwa la kujihudumia, lenye matawi Mbeya na Dar, linakuja mjini kwetu. Hilo tulishalisikia. Halafu: litajengwa palipo na duka la marehemu mzee Kaspari, familia imekubali kuuza.

Mzee Kaspari ni baba yangu. Duka ndilo hili nililosimama ndani yake.

Nimekaa sakafuni. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 10 Juni

Sijalala. Mama anayeniletea dagaa kutoka Kirando amepiga simu. "Dada Skola, mzigo wa wiki hii nimempa mwingine. Nasikia unafunga." Nikasema ni uongo. Hakuamini. Kasema redioni wametaja hadi jina la baba. Watu wananipa pole kama nimefiwa.

Kaka Dismas hapokei simu. Atakuwa shambani huko Malangali, wanavuna mahindi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda redioni. Hasira tupu. Mwandishi wa habari ile ni Neema, binti aliyehamia kutoka Mbeya. Alinipa shikamoo, sikuitikia. Akasema, "Mama, nimeambiwa na mtu wa familia. Siwezi kumtaja."

Nimepiga meza ya meneja. Familia ni mimi na kaka yangu tu. Mimi sijauza, na kaka hawezi.

Jioni wamesoma masahihisho na kuniomba radhi kwa jina. Neema amesimamishwa kazi. Nimefurahi. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja wanaume wawili na futi ya kupimia. Wamepima mlango, wakaanza ukuta. Nikauliza nani kawatuma.

Mmoja akashangaa. "Mzee Dismas hajakwambia? Mbona ameshasaini?"

Kaka. Wa tumbo moja. Jengo lina jina lake kwa sababu baba alipofariki nilikubali liandikwe hivyo. Yeye ndiye mkubwa. Mimi niuze, yeye alime. Hatukuwahi kugombana juu ya hilo.

Kumbe mtu wa familia ni yeye.

Jumapili, 15 Juni

Nimemkuta nje ya kanisa baada ya misa. Hakukana.

"Tukikataa, wakafungua mtaa wa pili, wewe utamuuzia nani, Skola? Bora tuuze sisi kabla hawajatumaliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Ningekataa, ndiyo. Lakini wifi kaniambia jambo lingine, na hilo ndilo limenivunja. Alhamisi walikuwa mezani. Kaka aliyasikia masahihisho yale. Alisikia redio ikiomba radhi kwa habari aliyoitoa yeye mwenyewe. Akaendelea kula.

Jumanne, 17 Juni

Redioni tena. Safari hii mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Nimemweleza meneja yote. Nikasema sitoki hadi Neema aitwe.

Amekuja, macho yamevimba. Nikamwambia, "Mwanangu, hukudanganya. Ila ulisema familia, na mimi hukuniuliza."

"Ni kweli, mama. Ilibidi nikupigie kwanza. Samahani."

Jioni amesoma mwenyewe. Kwamba kaka ameuza. Kwamba dada yake, anayeendesha duka, hakushirikishwa. Kila neno sahihi. Nilidhani nitapata nafuu nikiusikia ukweli. Nimelia kuliko siku ile ya kwanza.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepata chumba ng'ambo ya barabara, karibu na soko. Kidogo, lakini kinapata jua la asubuhi. Leo nimehama.

Kaka amekuja bila kuitwa. Sikumfukuza. Sikumpa shikamoo pia, mara ya kwanza maishani mwangu.

Imebaki kaunta ya mninga, aliyoichonga baba. Mtu mmoja hawezi kuibeba. Ameshika upande wake, nami wangu. Tumevuka barabara polepole. Magari yametusubiri.