Boksi la Baiskeli ya Mazoezi

Jumatano, baada ya isha

Eti boksi! Pedali imekatika baada ya mwezi mmoja tu, na yule muuzaji wa mnada wa mtandaoni ananijibu: "Waranti ipo, dada, ila baiskeli irudi Dar ndani ya boksi lake. Mwisho Jumatatu."

Boksi lenyewe lipo uani. Mama mkwe kalitandika majani, na kuku wake anaatamia humo.

"Mama, nimhamishie kwenye tenga?"

"Kuku anayeatamia hahamishwi, mwanangu. Atayasusa mayai."

Nikalirudisha tenga jikoni, masikio yananiwaka kwa hasira. Tangu mume wangu apate kiharusi, baiskeli hii ndicho kitu pekee kilichomfanya ausogeze mguu wa kushoto bila kubembelezwa. Waranti ikikataliwa, nyingine sina uwezo wa kununua. Naogopa atakata tamaa.

Jioni nimemkuta kaketi kando ya boksi, mguu wa kushoto unapanda na kushuka taratibu, kama anakanyaga pedali isiyokuwepo.

"Njoo usikilize," akasema.

Nikainama. Ndani ya yai, kifaranga alikuwa anabisha hodi.