Folio ya Kumi na Nne

Wewe unayesoma, nakuomba jambo moja kabla sijakusalimu: haya yasitoke hapa. Usiyatume kwenye kundi la darasa, usimsomee mtu hata kama unamwamini. Wasomaji wa blogu hii ni wachache na wengi nimesoma nao chuo, kwa hiyo midomo yenu naijua. Ofisi sikuitaja na majina ya wakubwa nimeyaacha. Yaliyobaki yote ni kweli.

Alhamisi, Dodoma. Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye trei za barua, na nimefanya kazi siku nzima nikiwa nimevaa sweta.



Kwa asiyenijua: mimi ni karani wa masijala, chumba kinachotunza majalada ya ofisi. Nina shahada ya mahusiano ya kimataifa. Rehema, ninayekaa naye meza moja, hajawahi kuchoka kunitania kwa hilo. Ikiingia barua kutoka nje ya nchi hunisukumia na kusema, "Haya balozi, wenzako wameandika." Nacheka naye. Angalau kazi nimepata. Lakini bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na barua ya kunithibitisha kazini lazima ipite mezani kwa Mkurugenzi.

Kazi ninayoitamani iko ghorofa ya juu, chumba cha mwisho. Inafanywa na mama mmoja nitakayemwita Daktari. Alianza akiwa afisa mdogo ubalozini, kazi yake kupanga viti vya wageni na kubeba mikoba ya wakubwa. Baadaye alikaa miaka mingi kwenye vikao vya majadiliano, Addis Ababa na Geneva, kisha akarudi shule kusomea sera za maadili. Sasa anaishauri ofisi yetu: mkataba gani wa nje tusaini na upi tusisaini, mwaliko gani tukubali, zawadi gani irudishwe kwa heshima.

Nikiwa chuo nilidhani kazi ya namna hiyo ni bendera na viwanja vya ndege. Nimemtunzia majalada miezi minane na sasa najua zaidi. Anasoma viambatisho ambavyo wengine wanaviruka, halafu anaandika aya nne. Siku moja nilimuuliza mtu anaingiaje kwenye kazi hiyo. Akanijibu kwamba kusafiri ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Unaandika sababu, unaweka jina lako chini, na unakubali kwamba wa juu yako wanaweza wasikusikilize.

Sasa niseme nilichofanya.

Kuna taasisi ya nje inayotaka kukusanya mbegu za uwele na mtama kwa wakulima wa Chamwino, upande wa Haneti, na kuzipeleka kwenye maabara zake. Mkataba unasubiri saini yetu. Taasisi hiyohiyo imemwalika Mkurugenzi kwenye ziara ya siku kumi, yeye na mke wake. Daktari aliandika dokezo, yaani ule ushauri wa ndani unaobaki kwenye jalada. Katika aya ya kwanza alitangaza maslahi yake: amezaliwa Haneti, na kaka yake analima huko. Kisha akasema mwaliko usipokelewe wakati mkataba uko mezani kwetu, na kwamba wakulima waelezwe kwanza, tena kwa Kigogo, lugha yao, mbegu zao zitatumikaje na zitakuwa mali ya nani.

Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa kalamu nyekundu, pembe ya juu kulia. Namba hiyo tunaiita folio. Dokezo la Daktari lilikuwa folio ya kumi na nne.

Jumatatu Mkurugenzi aliniita. Aliniuliza habari za mama yangu, akaniambia barua yangu ya kuthibitishwa ameiona, halafu akafungua jalada.

"Hii ya kumi na nne iliingia kimakosa, kijana wangu. Itoe uichane. Namba zilizobaki zipange upya, jalada liwe safi."

Nilisema sawa mzee.

Niliitoa. Nikapaka ile rangi nyeupe ya kufutia kwenye pembe za karatasi tano, nikaandika namba upya. Kumi na tano ikawa kumi na nne, na kuendelea. Kuichana ndiko kulikonishinda. Haukuwa ujasiri, niliogopa kuichana kama nilivyoogopa kukataa. Nikaenda nayo chumbani kwangu Nkuhungu, nikaiweka kwenye bahasha ya vyeti vyangu.

Nilijidanganya kwamba ni karatasi moja tu. Jana nikapewa ajenda ya kikao cha Ijumaa cha kamati inayopitisha mikataba, nitoe nakala. Namba tatu ilisema mshauri wa maadili, yaani Daktari, atajieleza kwa nini hakutangaza maslahi yake kuhusu Haneti.

Nilisimama pale mashineni mpaka karatasi zikaisha. Alikuwa ametangaza. Karatasi yenyewe nilikuwa nayo ndani ya bahasha, chini ya cheti cha kidato cha nne.

Leo saa tatu asubuhi Daktari alichukua jalada ajiandae na kikao. Haikupita nusu saa, akasimama kwenye dirisha letu. Nikamwamkia, akaitikia, akalifungua jalada mbele yangu. Kumbe nilibadilisha namba za pembeni tu. Ndani ya barua zilizofuata, yeye mwenyewe alikuwa ameandika "rejea folio 14" mara tatu. Karani wa wiki ya kwanza hufundishwa kukagua marejeo kabla ya kugusa namba. Mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kuogopa.

"Folio yangu ya kumi na nne ilikuwa na aya nne," akasema. "Hii ni ratiba ya ndege."

"Labda zilichanganyika, Mama."

"Mwanangu, sikuulizi nani. Nauliza iko wapi."

Nikasema sijui.

Hakupandisha sauti. Alisaini daftari la mwendo wa majalada kwamba amelirudisha, akaondoka.

Niandike hapa kama kilivyo: nilimdanganya mtu ninayetaka kuwa kama yeye, nikimtazama usoni.

Saa sita nilipanda bajaji hadi Nkuhungu, nikachukua ile bahasha, nikarudi bila kula. Ningeweza kuichomeka tu mahali pake na kunyamaza. Lakini jalada lilishapakwa rangi nyeupe, na yeyote angesema Daktari ndiye aliyeichomeka leo. Kwa hiyo nilirudisha namba zote za zamani, kisha nikachukua karatasi tupu. Nikaandika kwamba folio ya kumi na nne niliitoa mimi Jumatatu, kwa maelekezo ya mdomo ya Mkurugenzi, na nimeirudisha mimi leo, na kwamba rangi nyeupe ni yangu. Mistari sita. Nikaipa namba ishirini.

Rehema akaivuta, akaisoma yote. Nikangoja mzaha. Akanisogezea muhuri wa tarehe.

"Gonga sasa hivi," akasema. "Ukilala nayo hutagonga."

Nikagonga, nikasaini. Jalada nikalipeleka mwenyewe kwa katibu wa kamati, naye akasaini daftari kwamba amelipokea. Kisha nikapanda ghorofa ya juu, nikamwambia Daktari kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Na jina lako umeliweka?"

"Nimeliweka, Mama."

"Basi litasomwa kesho pamoja na langu." Akavua miwani. "Usitegemee kwamba watakushukuru. Mimi nakushukuru."

Ndiyo hali ilivyo jioni hii. Sijisikii shujaa. Nimeshapiga hesabu mara mbili nitamwambia nini mama yangu nisipothibitishwa. Kikao ni saa nne asubuhi. Mkurugenzi atafungua jalada, atafika ishirini, na atanijua. Ninachojua mimi ni kwamba nikiulizwa nitasema kilekile kilichoandikwa.

Ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisini, na kwenye maoni hapa chini usitaje jina langu wala la yeyote. Njoo mwenyewe Jumatatu saa nne, wakati wa chai, dirisha la kwanza la masijala. Nikiwepo, sema umekuja kuulizia barua yako, nitatoka tuongee nje. Ukimkuta Rehema peke yake, usimuulize nimekwenda wapi mbele za watu. Mwachie namba yako kwenye kipande cha karatasi, naye atanifikishia popote nitakapokuwa.